Matundu ya Paa la Wilibrodi

Dari izibwe, paa liachwe. Hiyo ndiyo ilikuwa kanuni ya nyumba ya Wilibrodi, na aliirudia kila mwaka mwezi wa Mei, kabla baridi haijateremka kutoka msitu wa Ngorongoro kuja kukaa Karatu mpaka Agosti. Mkewe, Hyasinta, aliisikia kanuni hiyo kwa zaidi ya miaka thelathini. Aliijua kama alivyoijua Baba Yetu. Kisha akaivunja kwa mikono yake mwenyewe, asubuhi ya jua, akiwa na akili zake zote.

Nyumba yenyewe ilijengwa na mkulima wa Kizungu kabla ya Uhuru, juu ya mashamba ya ngano, upande wa njia inayopanda kwenda Oldeani. Mzungu alipoondoka, kijiji kilimpa nyumba hiyo baba yake Wilibrodi, aliyekuwa nyapara wa shamba lile. Kuta zake ni za mawe, nene kiasi kwamba mtoto anaweza kulala kwenye ukingo wa dirisha. Paa lake la bati limepanda kwa mwinuko mkali, na kati ya bati na dari ya mbao kuna nafasi ambayo mtu mzima anaweza kusimama wima katikati ya kenchi, zile mbao zinazobeba paa. Huko juu, kwenye kila mwisho wa nyumba, ukutani karibu kabisa na kilele cha paa, aliyejenga aliacha tundu lenye upana wa sinia, akalifunika kwa vibao vilivyolazwa mshazari ili upepo uingie na mvua isiingie.

Watu waliofika kumtembelea Wilibrodi walishangaa. Nyumba ina baridi hivi, walisema, na bado unaacha matundu juu?

"Wewe ukilala unajifunika blanketi mpaka wapi?" Wilibrodi aliwauliza.

"Shingoni."

"Kwa nini usijifunike mpaka puani, kama unaogopa baridi?"

"Nitakosa hewa, bwana."

"Na ukiamka utakuwa umelowa jasho. Basi na nyumba ni hivyo hivyo. Dari ndiyo blanketi. Hayo matundu ndiyo pua."

Kila Mei alipanda darini kwa ngazi, akaondoa viota vya ndege kwenye matundu, akakagua vibao, kisha akatambaa juu ya dari akiziba nyufa za mbao kwa vipande vya gunia vilivyolowekwa kwenye rangi ya mafuta. Mvuke wa vyungu, maji ya kuoga, pumzi za watu, vyote hupanda juu. Nyumba hii ilivipitisha, ikavitoa nje. Kwa hiyo ilikuwa nyumba ya zamani lakini kavu, na waliolala humo hawakukohoa.

Aliyekohoa ni Wilibrodi peke yake, na hilo halikutokana na nyumba. Alifanya kazi miaka mingi kwenye mashine za kuvunia ngano, na vumbi lake alilibeba kifuani mpaka likamshinda. Wiki za mwisho pumzi yake ilikuwa na mlio. Iliingia kwa mluzi mwembamba, ikakaa ndani muda ambao mtu aliye karibu naye hujikuta anaungoja uishe, kisha ikatoka taratibu ikikwaruza, kama sufuria inayoburutwa sakafuni.

Hyasinta alimuuguza vizuri. Majirani ni mashahidi. Alimgeuza, alimwosha, alimlisha uji kwa kijiko. Lakini siku ya mwisho, siku ya mvua mwezi wa Machi, mlio ule ulibadilika, na yeye hakuweza kuusikiliza. Alimwambia mumewe anakwenda mara moja kuangalia maharage. Hapakuwa na maharage ya kuangalia. Yalikuwa yameng'olewa zamani. Alikwenda kukaa kwenye jiko la nje, nyuma ya nyumba, akafunika masikio kwa viganja. Hata hivyo alisikia jina lake likiitwa. Alijiambia ni mvua juu ya bati. Aliporudi ndani, Wilibrodi alikuwa amekwisha.

Waombolezaji walipouliza, alisema mumewe alifariki akiwa amemshika mkono. Uongo wa namna hiyo husemwa misibani na watu huuachia upite. Lakini uongo una tabia ya kudai nafasi ndani ya nyumba, na huyu aliupa chumba.

Mei iliyofuata hakuna aliyepanda darini. Kwenye tundu la upande wa msitu vibao viwili vilikuwa vimelegea misumari. Juni ikaingia, na alasiri moja, Hyasinta akiwa sebuleni anapepeta ngano, upepo ulishuka kutoka msituni. Juu yake, ndani ya paa, kitu kiliingia kwa mluzi mwembamba. Kikakaa. Kisha kikatoka taratibu, kikikwaruza.

Ungo ukamtoka mkononi.

Alimwita padri aje kubariki nyumba. Padri alikuja, akanyunyiza maji ya baraka chumba kwa chumba, akanywa chai, akaondoka. Siku hiyo hapakuwa na upepo. Upepo ulirudi kesho yake, na mlio ukarudi nao, ukaendelea msimu wote. Hyasinta alijifunza kukaa nao kama mtu anavyokaa na mpangaji asiyeondoka. Hakumwambia mtu. Angesemaje? Kusema mume wangu anahema darini kungeleta swali la pili, na la pili lingeleta la tatu, na la tatu lingekuwa: wewe ulikuwa wapi?

Mwanawe, Fabian, alikuwa dereva wa watalii. Alioa binti wa Kimasai kutoka Nainokanoka aitwaye Nosim, ambaye alikutana naye kwenye lodji ambako binti huyo alifanya kazi ya mapokezi. Walipanga chumba mjini Karatu, jirani na baa. Nosim alikuwa amewahi kuzaa mtoto kwao kabla ya ndoa hii, na mtoto huyo alikufa kwa nimonia akiwa hajaanza kutambaa. Alipompata Penina, alimbeba kama mtu anayevuka mto na kiberiti.

Hyasinta aliwafuata pale mjini. "Nileteeni mtoto," alisema. "Nyumba ina vyumba vinne, na mimi nimo peke yangu na panya."

"Mama, panya wako wamezeeka, watamuonea wivu mtoto," alisema Fabian.

"Wamuonee. Baa hii inampigia mtoto muziki mpaka anacheza kabla ya kukaa."

Nosim alicheka, kisha akaacha kucheka. "Nitakuja, yeyo," alisema, akitumia neno la kwao la kumwita mama. "Lakini kifua cha mtoto ndicho kitasema. Akikohoa kohozi baya nyumbani kwako, nitaondoka. Usinikasirikie siku hiyo."

"Hutaondoka," alisema Hyasinta.

Walihamia mwezi wa Mei. Kwa mara ya kwanza tangu msiba, kulikuwa na nepi kwenye kamba na sauti ya mtoto asubuhi. Hyasinta alinenepa. Alimbeba Penina mgongoni akienda kwa jirani kuomba chumvi ambayo hakuihitaji, ili tu aonekane. Kitu alichokitaka duniani sasa kilikuwa kimoja: mtoto huyo akulie ndani ya kuta zile.

Wiki ya kwanza walikuwa wanakunywa chai, Hyasinta akaonyesha kiti kilichokuwa karibu na dirisha. "Hicho ndicho alichokuwa anakalia Wilibrodi."

Nosim aliweka kikombe chini. "Yeyo, nisamehe. Usimtaje."

"Baba mkwe wako?"

"Kwetu aliyekwenda hatajwi kwa jina. Ukimtaja ni kama unamwita, na yeye ana safari yake. Sema mzee. Sema yule. Jina liache."

Wairaqw, watu wa kabila la Hyasinta, hawana mwiko huo; wao huwataja wafu wao, na Hyasinta alikuwa akilitaja jina la mumewe kila jioni kwenye sala. Lakini aliona uso wa mkwewe, akanyamaza. Na ukweli ni kwamba kunyamaza huko kulimfaa. Alipewa sababu ya heshima ya kutosema jambo ambalo hakutaka kulisema.

Upepo wa Juni ulikuja. Nosim alikuwa anamnyonyesha mtoto, akainua kichwa.

"Nani anahema?"

"Ni upepo," alisema Hyasinta.

"Upepo hauhemi hivyo. Upepo haupumziki katikati." Nosim alimkumbatia mtoto karibu zaidi, akiangalia dari. "Yeyo, kuna mtu huko juu?"

"Nimekwambia upepo. Nyumba za zamani zina mambo yake."

 Jioni ile Nosim alihamisha kitanda cha mtoto mara mbili, na kesho yake Hyasinta alimsikia akizungumza na Fabian kwenye simu, Kimasai kidogo na Kiswahili kidogo, na neno Nainokanoka likatajwa. Hapo Hyasinta alijua afanye nini.

Alimfuata Hhando, fundi wa mapaa na rafiki wa marehemu, akamkuta anatengeneza banda la nguruwe, misumari mdomoni.

"Hhando, nina shida."

Fundi alitema misumari kiganjani. "Ya kazi au ya mashauri? Mashauri yameniishia."

"Ya kazi. Yale matundu ya juu ya nyumba. Nataka uyazibe."

"Mama Fabian, umeonja pombe ya nani asubuhi hii?"

"Mtoto anapigwa na baridi."

"Baridi haitoki kule. Baridi inashuka kwenye nyufa za dari, na nyufa zimefunguka kwa sababu mwaka juzi na mwaka jana hazijazibwa. Nipe gunia na rangi. Nitaziba dari yote, mtoto alale kama yuko mgongoni. Lakini yale matundu siweki hata kitambaa. Wilibrodi atanifuata..."

"Usimtaje!"

Hhando alimtazama, na nguruwe naye akanyamaza kana kwamba amekemewa. "Tangu lini umekuwa Mmasai?"

"Tangu nipate mkwe."

"Haya. Basi yule ambaye hatajwi, akiwa pale alipo, atanifuata. Sema jingine. Kuna nini kule juu kinachokusumbua?"

Hilo lilikuwa swali la haki, limeulizwa na mtu wa haki. Hyasinta angejibu kwamba paa linatoa mlio, mambo yote yaliyofuata yasingetokea. Alijibu, "Baridi tu," akageuka, akarudi nyumbani.

Siku Nosim alipompeleka mtoto kliniki kupima uzito, Hyasinta alisimamisha ngazi chini ya kidirisha cha dari. Alikuwa na umri wa miaka sitini na kidogo, na goti moja bovu. Alipandisha vipande vya godoro la sponji na mifuko mitupu ya mbolea. Tundu la upande wa barabara lilijaa. Kwenye lile la upande wa msitu, ambalo lilikuwa na mlio, sponji haikutosha. Alishuka, akafungua sanduku, akatoa blanketi la kijivu alilofunikwa Wilibrodi wiki zake za mwisho. Halikuwa limetumika tangu hapo.

Alilikunja, akalisukuma kwenye tundu. Upepo ulikuwa umeanza. Blanketi lilituna kuelekea kwake, likarudi nyuma, likatuna tena, kama kifua. Hyasinta alilikandamiza kwa viganja vyote viwili, akaweka na bega, mpaka likaacha kusukuma.

Aliposhuka, nyumba ilikuwa kimya.

Nosim alirudi na mtoto, akasimama mlangoni akisikiliza. "Leo kimya, yeyo."

"Nimezuia upepo. Kwa ajili ya mtoto."

"Umepanda wewe? Na goti hilo?" Nosim alimshika mikono yote miwili, jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya. "Asante. Asante sana, koko wa Penina," alisema, kwa neno la kwao la kumwita bibi.

Hyasinta aliipokea shukrani hiyo. Mtu anaweza kuiba kitu asiweze kukitumia. 

Mwaka huo ukungu ulikaa Karatu wiki baada ya wiki. Nguo hazikukauka nje, kwa hiyo Nosim alitundika kamba sebuleni. Maji ya mtoto yalichemshwa ndani. Na kwa kuwa nyufa za dari hazikuzibwa na yeyote, baridi iliendelea kushuka palepale ilipokuwa ikishuka, basi jiko la mkaa likaingizwa chumbani asubuhi na jioni. Mvuke wote huo na moshi wote huo ulipanda, ukapita kwenye nyufa, ukafika chini ya bati, ukakuta njia imefungwa. Ukageuka maji.

Vioo vya madirisha vilianza kulia. Chumvi iliyeyuka kwenye kopo. Kiberiti kilikataa kuwaka. Kwenye dari, juu ya kitanda cha mtoto, palitokea madoa meusi madogo, yakaungana, yakakaribia kuwa umbo la kitu. Harufu ikaja, harufu ya gunia la mahindi lililosahauliwa mvuani.

Asubuhi moja Nosim aliita. Chandarua cha mtoto kilikuwa kimelowa, na tone jingine lilikuwa linaning'inia kwenye ubao.

"Yeyo, jana mvua ilinyesha?"

"Haikunyesha."

"Basi haya maji ni ya nani?"

Hyasinta alileta kitambaa akapangusa. Nosim alipotoka kwenda shambani, Hyasinta alikoroga chokaa akapaka juu ya madoa. Baada ya siku chache yalirudi. Akapaka tena. Alijua maji yale yanatoka wapi. Hakuwa mwanamke mjinga, na alikuwa amelala miaka yote hiyo pembeni ya mtu aliyemfundisha. Angepanda ngazi, angevuta blanketi, kazi ya muda wa kuchemsha chai. Lakini angelivuta, mlio ungerudi, na Nosim angeondoka na mtoto. Au hivyo ndivyo alivyojiambia. Kwa kweli alichoogopa ni mlio wenyewe.

Na kimya hakikumpa alichokitaka. Alijikuta anasimama katikati ya sebule, ufagio mkononi, akitega sikio. Awali alimsikia Wilibrodi akihema. Sasa alimsikia akijizuia kuhema. Kila upepo ulipogonga ukuta wa upande wa msitu alisubiri pumzi iingie, nayo haikuingia, akaendelea kusubiri mpaka kifua chake mwenyewe kikauma.

Penina alianza kukohoa katikati ya Julai. Kwanza kikohozi kikavu, halafu chenye kohozi, halafu mbavu zikawa zinazama kila alipovuta hewa. Fabian alikuwa Serengeti na wageni. Wanawake wawili walimpeleka hospitali, Nosim akiwa amembeba kimya, macho yake yakiwa ya mtu anayeijua njia ile.

Nesi alikuwa mama mtu mzima, mpole. Aliandika, kisha akauliza, "Mnawasha mkaa anakolala mtoto?"

"Asubuhi na jioni, kwa ajili ya baridi," alisema Nosim.

"Acheni. Na nyumba ikoje? Ina unyevu? Hewa inapita?"

"Hewa inapita. Ni nyumba ya zamani, ina matundu makubwa juu ya paa. Yeyo alizuia tu upepo uliokuwa unaingia kwa mtoto." Nosim alimgeukia mkwewe. "Si ndiyo, yeyo? Matundu ya juu bado yapo?"

Hyasinta alimwangalia nesi. "Yapo," alisema.

Lilikuwa neno moja, na kwa namna fulani lilikuwa kweli. Matundu yalikuwepo. Mahakama ingeweza kumwachia. Mungu hahukumu kwa namna hiyo.

Mtoto alitibiwa akapata nafuu, akarudishwa kwenye chumba kilekile. Mkaa uliachwa nje, lakini maji yaliendelea kudondoka, na ukungu mweusi wa dari ulikuwa umeshuka mpaka ukutani. Kabla Julai haijaisha mtoto aliugua tena. Akatibiwa tena. Nosim hakulala, alikaa akishika mgongo wa mwanawe, akihesabu pumzi kwa Kimasai. Alisema siku moja, bila kumtazama Hyasinta, "Nyumba hii ina mtu, na mtu huyo hana raha."

Hapo Hyasinta alifungua mdomo. "Mwanangu, nataka nikuambie kitu kuhusu Wilibro..."

"Yeyo, tafadhali!" Nosim alimziba mtoto masikio. "Si sasa, wakati mtoto yuko hivi. Usimwite."

Na Hyasinta akafunga mdomo. Ingewezekana kumweleza bila jina. Matundu hayana jina. Blanketi halina jina. Mwiko wa mwenzake aliugeuza kuwa mlango wa kujifungia nyuma yake, na mlango huo aliufunga yeye.

Mara ya tatu, mwezi Agosti, mtoto alipigwa picha ya kifua. Fabian alikuwa amerudi, bado amevaa fulana ya kampuni, vumbi la Serengeti kwenye nyusi. Daktari kijana aliinua picha kwenye mwanga wa dirisha akawaonyesha upande wa kushoto, chini, palipokuwa peupe ilhali kwingine kote kulikuwa na giza la hewa. Alisema taratibu kwamba kifua kimeugua mara nyingi mno kwa muda mfupi mno. Alisema mtoto ataishi. Alisema sehemu ile ya pafu huenda isirudi.

Fabian alitoka nje. Hyasinta alibaki na Nosim wodini, mtoto katikati yao akiwa na mrija puani.

"Nosim," alisema, "nitalitaja jina lake, na wewe utanisikiliza. Wilibrodi alisema dari izibwe, paa liachwe. Mimi nimeliziba paa. Si kwa ajili ya mtoto. Lilikuwa linahema kama yeye, na siku aliyokufa mimi sikuwepo. Aliniita, nikakaa jikoni. Nililiziba nisimsikie."

Nosim hakupiga kelele. Alimrekebisha mtoto mrija. Kisha akauliza, "Nesi alipouliza ile siku ya kwanza, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Na chokaa?"

"Nilikuwa najua."

Nosim alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepata jibu la hesabu. "Mimi niliogopa jina la mzee wako," alisema. "Kumbe mzee hakuwa na kosa."

Fabian alipoambiwa, alimfuata Hhando, wakapanda darini siku ileile. Kenchi zilikuwa zimevaa manyoya ya ukungu, na chini ya bati matone yamejipanga kama shanga. Hhando alivuta blanketi. Lilitoka vipande vipande, limeoza, zito kwa maji. Alishuka nalo akaliweka uani, akakagua vibao, akamwita Hyasinta.

"Huo mlio ulikuwa unatoka hapa. Vibao viwili vimelegea. Upepo ukipita unapiga mluzi, kibao kinajibana, kisha kinakwaruza ukuta." Alionyesha misumari minne kiganjani. Hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Ungeniambia linalia, mama Fabian. Ningepigilia nikaenda zangu."

"Nilidhani..."

"Najua ulichodhani. Nilikuuliza."

Alivipigilia vibao, na dari akaiziba kwa gunia na rangi kama rafiki yake alivyofanya. Nyumba ilikauka kabla ya Oktoba. Fabian alirudi mara moja tu kuchukua nepi, chandarua na kitanda cha mtoto. Nosim alibaki kwenye gari. Hyasinta alikwenda kwenye dirisha la gari.

"Mwanangu, Nainokanoka kuna baridi kuliko hapa. Fikiria kifua chake."

"Ndiyo, kuna baridi," alisema Nosim. "Lakini kwa mama yangu tunapika nje, na baridi ya kwetu naijua inakoingilia. Hakuna mtu anayenificha kitu."

"Nitaruhusiwa kuja kumwona?"

"Yeyo, wewe ni koko wake. Njoo. Lakini kwako hatalala tena."

Kwenda Nainokanoka si rahisi kwa mwanamke wa umri wake. Ni lazima upate gari linalopita geti la hifadhi, na ukishushwa kuna mwendo wa miguu, na goti lile halipendi miinuko. Amekwenda mara mbili tangu hapo. Mara ya pili Penina alikuwa ameanza kutembea, na alijificha nyuma ya shuka la mama yake kwa sababu hakumtambua mgeni.

Mtoto sasa anakaribia miaka mitatu. Akikimbia na wenzake kufuata ndama, yeye ndiye hukaa chini kwanza, akikohoa, na wenzake wamezoea kumngoja. Daktari amethibitisha kwamba sehemu ya chini ya pafu lake la kushoto haifanyi kazi na haitafanya. Hyasinta hakutaka kusikia upepo kwa msimu mmoja. Msimu huo ulimgharimu mjukuu wake nusu ya pafu, na ukamgharimu yeye mjukuu.